Je, Wajua? Mikataba Iliyomo Ndani ya Nasaba za Kilombero

Je, wajua kwamba mtawala wa Wabena wa bonde la Kilombero, Mtema Towegale Kiwanga, aliandika sura katika kitabu kilichochapwa London mwaka 1935? Kitabu chenyewe ni Ubena of the Rivers, cha A. T. Culwick na mkewe G. M. Culwick, na jina la Mtema limetajwa mwanzoni pamoja na majina yao. Zama zile wazee wengi wa Kiafrika walitoa elimu yao yote kwa watafiti, kisha majina yao yakaachwa nje ya kitabu. Towegale hakuachwa. Naye alikuwa na haja kubwa ya kusikika, kwa sababu habari za ukoo wa Manga, uliowatawala Wabena wa mtoni, ndizo zilizokuwa hati yake ya utawala mbele ya serikali ya Mwingereza.

Je, wajua kwamba mwaka huohuo wa 1935, ng'ambo ya milima ya Udzungwa, kilitoka kitabu kingine cha aina hiyo kuhusu Wahehe wa Iringa? Hicho kiliandikwa na G. Gordon Brown, mwanaanthropolojia, akishirikiana na A. McD. Bruce Hutt, ofisa wa utawala. Vitabu viwili kutoka pande mbili za mlima mmoja havikutokea kwa bahati. Gavana Donald Cameron alipofika Tanganyika mwaka 1925 alitaka nchi itawaliwe kupitia watawala wa kienyeji, na Sheria ya Mamlaka za Wenyeji ya 1926 ikaupa mpango huo nguvu. Tangu siku hiyo kila ofisa wa wilaya alikuwa na swali moja mezani: mtawala halali wa hapa ni nani? Jibu lilitafutwa katika nasaba. Aliyeweza kutaja mababu zake kwa mpangilio alipata kiti, baraza na mshahara. Asiyeweza aliwekwa chini ya jirani yake.

Ndiyo maana nasema nasaba za Kilombero zisisomwe kama orodha ya marehemu. Ndani yake mna ndoa zilizofunga vita, mna watu waliopokewa na watu waliofukuzwa, mna madai ya ardhi na ya mto. Ni kumbukumbu za kidiplomasia za watu ambao hawakuwa na wizara ya mambo ya nje wala makabati ya mafaili.

Je, wajua ni wapi zinakokaa nasaba nyingi zilizoandikwa wakati huo? Katika vitabu vya wilaya, madaftari makubwa ambamo maofisa wa Kiingereza waliandika historia za makabila, majina ya watawala, mipaka na desturi. Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zinahifadhi vitabu hivyo, vikiwemo vya Mahenge na Ulanga, wilaya zilizolihusu bonde hili. Mtu wa Ifakara, mji wa bondeni, anayetafuta babu wa babu yake anaweza kumkuta humo, kwa herufi za mgeni na mara nyingi kwa tahajia iliyopinda.

Unajua kwa nini Wabena hawa wako bondeni, wakati Wabena wengi wako kwenye baridi ya Njombe? Vita. Katika miaka ya 1870 Wahehe chini ya Munyigumba walikuwa wakijitanua, na Wabena waliomfuata mtawala wao Mtengera wakasukumwa kushuka kutoka nyanda za juu mpaka kwenye uwanda wa mafuriko wa Kilombero. Walikuta mto, mpunga, samaki na wenyeji. Makao yao makuu yakawa Utengule. Anayefuatilia habari hizi awe mwangalifu, maana kuna Utengule zaidi ya moja kusini mwa nchi, na ile ya Usangu ina historia yake na watawala wake, akina Merere. Nimeona nasaba mbili za Utengule mbili zikiunganishwa kuwa moja, na matokeo yake ni babu mmoja aliyepigana vita sehemu mbili kwa wakati mmoja.

Je, wajua kwamba mwanahistoria Jamie Monson aliandika makala nzima kuhusu jambo hili mwaka 2000? Alichunguza simulizi za kuhama za kusini mwa Tanzania kati ya 1860 na 1960, na namna kumbukumbu ya safari ya mababu ilivyogeuka kuwa msingi wa mamlaka. Fikiria uzito wake. Mtu anaposema "sisi tulishuka na Mtengera", hasimulii safari tu. Anasema yeye ni wa kundi gani, anamtii nani, na nani alikuwa chini ya nani siku walipofika. Kauli moja ya kifamilia, na ndani yake mna katiba ya bonde zima.

Na Wandamba je? Hao walikuwamo bondeni Wabena walipoingia. Ni wavuvi, wakulima wa mpunga, wawindaji na mafundi wa mitumbwi wanaoujua mto wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Lakini katika makaratasi ya serikali orodha za watawala wao ni haba, kwa kuwa hawakuwa na mtawala mmoja mkubwa wa kumtambulisha kwa Mwingereza. Ukiwatafuta kwenye maandishi ya zamani utawakuta kwingine. A. G. O. Hodgson alichapisha mwaka 1926 maelezo kuhusu desturi zao za uwindaji, na Monson huyohuyo alichapisha mwaka 1996 utafiti juu ya utengenezaji wa mitumbwi bondeni wakati wa ukoloni. Mimi naliona hili kuwa onyo kubwa kuliko yote kwa anayesoma nasaba. Nyaraka zilihifadhi zaidi mababu wa waliotawala. Wengine walihifadhiwa midomoni mwa wajukuu, na midomo hiyo inazidi kupungua.

Je, wajua kwamba jina la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ni nasaba fupi lenyewe? Kwa ukamilifu anaitwa Mkwavinyika Munyigumba Mwamuyinga: yeye, baba yake, na ukoo wa watawala uliomzaa.

Je, wajua kwamba ukoo huo wa Muyinga unaanza na mgeni? Simulizi za Wahehe zinamtaja mwindaji, Mufwimi, aliyetokea Usagara, akampenda Semduda, binti wa mtawala Mwamududa wa Ng'uluhe, na mtoto wao akaitwa Muyinga. Tazama kilichofanyika hapo. Baba ni mgeni, hana ardhi. Mama ni binti wa nchi. Haki ya kutawala inapita kwa mama hata katika ukoo unaojihesabu kwa baba. Mwindaji wa namna hiyo utamkuta Usambara pia, jina lake Mbegha, babu wa Wakilindi. Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy aliandika habari hizo kwa Kiswahili katika Habari za Wakilindi, na ni moja ya kazi kubwa za nathari katika lugha yetu. Mbegha anaoa katika koo nyingi za Washambaa, wanawe wanakuwa watawala mahali walipo wajomba zao, na wajomba wanawalinda kwa sababu ni damu yao. Ufalme mzima ulishonwa kwa harusi.

Buganda walilipeleka jambo hili mbali zaidi. Huko Kabaka alihesabiwa katika ukoo wa mama yake, si wa baba, kwa hiyo ukoo uliotoa mke kwa mfalme ulikuwa na matumaini ya kutoa mfalme. Mlango ulikuwa wazi kwa koo nyingi, nazo hazikuwa na sababu ya kujitenga.

Lakini je, ndoa ilileta amani siku zote? Hapana. Munyigumba alimwoza binti yake Mwamubambe, mmoja wa wakubwa wake wa vita. Munyigumba alipofariki karibu na mwaka 1879, mkwe huyo aliinuka kuutaka utawala wote, na Mkwawa kijana akalazimika kupigana naye mpaka akamshinda. Kwenye nasaba utaona mstari mmoja tu, binti fulani ameolewa na fulani. Nyuma ya mstari huo kuna vita vya wenyewe kwa wenyewe.

Je, wajua kwamba nasaba inaweza kueleza kwa nini wakazi wa Kilombero walipigana pande mbili katika Vita vya Maji Maji? Tarehe 30 Agosti 1905 maelfu ya Wapogoro na Wambunga walilishambulia boma la Mjerumani pale Mahenge, wakapambana na bunduki za rashasha. Upande wa pili, pamoja na Wajerumani, alikuwepo Kiwanga, mtawala wa Wabena wa mtoni, na mwaka huo aliuawa katika vita hivyo. Anayeisoma Maji Maji kama safu moja ya Waafrika dhidi ya safu moja ya Wazungu atamwona Kiwanga kama msaliti, basi, habari imekwisha. Mimi siridhiki na hukumu hiyo ya haraka. Ukoo wake ulifukuzwa nyanda za juu na Wahehe. Wajerumani walipokwenda kupigana na Mkwawa katika miaka ya 1890, Kiwanga alisimama nao, kwa kuwa adui wa adui yake alikuwa amepatikana, na alikuwa na silaha. Mkwawa alipojiua tarehe 19 Julai 1898, Kiwanga alibaki na rafiki mwenye nguvu na majirani wenye kinyongo. Miaka saba baadaye majirani hao walikuwa wamekunywa maji ya dawa ya vita. Monson alilieleza jambo hili katika makala ya mwaka 1998, akiiweka Maji Maji ya nyanda za juu za kusini ndani ya siasa za ushirika na mamlaka zilizoanza tangu 1870. Mizizi yake ilikuwa mirefu kuliko kodi ya Mjerumani na mashamba ya pamba.

Towegale, aliyeandika mwaka 1935, anabeba jina la Kiwanga huyo. Hebu jiweke mahali pake. Ulipaswa kusimulia historia ya ukoo wako mbele ya dola iliyomshinda Mjerumani, huku watu unaowatawala wakiwa watoto wa waliopigana na babu zako. Kila sentensi ya nasaba hiyo ilipaswa kupimwa kabla ya kutamkwa.

Je, wajua Wambunga wa Ifakara walitoka wapi? Ni watu waliotokana na misukosuko ya Wangoni. Zwangendaba na watu wake walivuka Zambezi wakitokea kusini. Wakafika Ufipa, na yeye akafariki huko karibu na 1848. Baada ya kifo chake makundi yakagawanyika, mengine yakaelekea Songea, na katika miaka ya 1860 Wambunga, wakiwa wamejitenga na vita vya huko, waliingia upande wa Kilombero na mbinu za kivita za Wangoni mikononi. Katika Ungoni, koo kama Gama, Mbano na Tawete zinatajwa kwa fahari kwa sababu zinabeba kumbukumbu ya safari kutoka kusini. Walio wengi, hata hivyo, walikuwa wenyeji waliotekwa au waliojiunga, wakaingizwa vikosini na kupewa nafasi. Utambulisho uliweza kupatikana kwa mkuki ndani ya kizazi kimoja, na mjukuu akazaliwa akiwa tayari na mababu wa kutosha.

Je, wajua kwamba kupatwa kwa jua kunasaidia kuhesabu vizazi hivyo? Wazee wa Kingoni walisimulia kwamba siku ya kuvuka Zambezi jua liliingia giza. Wataalamu wa nyota wakakokotoa, na tarehe iliyokubaliwa na wengi ni 20 Novemba 1835. Tarehe moja ya uhakika namna hiyo inatosha kuinyoosha nasaba nzima, mbele na nyuma.

Bila tarehe kama hiyo, kuhesabu ni hatari. Wengi huchukua idadi ya watawala, wakazidisha kwa miaka 25 au 30, wakatangaza ufalme una miaka mia nne. David Henige aliandika kitabu kizima mwaka 1974 kuonya juu ya hesabu hiyo. Kosa la kwanza ni kusahau kwamba kiti hutoka kwa kaka kwenda kwa mdogo wake. Watawala watano wanaweza kuwa kizazi kimoja. La pili ni majina. Kwetu mjukuu hupewa jina la babu, kwa hiyo jina lilelile hurudi na kurudi, na msimulizi aliyechoka huwafanya watu wawili kuwa mmoja. Kisha kuna jambo la tatu, nalo ndilo linalonivutia kuliko yote.

Nasaba hubadilika ili ilingane na leo. Kule Gonja, kaskazini mwa Ghana, mwanzoni mwa karne ya 20 wazee walisema mwanzilishi wa dola yao, Jakpa, alikuwa na wana saba, kila mmoja na jimbo lake. Miaka 60 baadaye Jakpa alikuwa na wana watano. Majimbo mawili yalikuwa yameshafutika kwenye ramani, na wana wawili wakafutika pamoja nayo. Hakuna aliyekaa akapanga uongo. Watu husimulia mababu wanaowahitaji. Kwa hiyo katika Kilombero, ukikuta mzee wa mwaka huu ana wana sita wa babu fulani na kitabu cha wilaya cha miaka ya 1930 kina wanane, usimlaumu mzee na usikichome kitabu. Uliza wale wawili walikwenda wapi. Huenda walihamia ng'ambo ya mto. Huenda waligombana kuhusu urithi.

Je, wajua kwamba kuna nchi iliyokuwa na ofisi ya serikali kwa ajili ya nasaba tu? Ni Ufalme wa Ryukyu, visiwa ambavyo leo ni mkoa wa Okinawa wa Japani. Mwaka 1689 ufalme huo ulianzisha ofisi ya nasaba, na kila familia ya tabaka la watumishi wa mfalme ikatakiwa kuandika kitabu chake. Nakala moja ilikaa ofisini, nyingine yenye muhuri ilikaa nyumbani. Aliyekuwa na kitabu alikuwa mtu wa daraja. Asiye nacho alikuwa mtu wa kawaida. Vitabu hivyo havikuishia kwenye kuzaliwa na kufa. Vilitaja vyeo, na vilitaja safari za kidiplomasia: fulani amekwenda China na ujumbe wa mfalme, fulani amepelekwa Satsuma, jimbo la Kijapani lililowavamia mwaka 1609. Familia za kijiji cha Kume, zinazosema zimetokana na Wachina waliopelekwa huko mwaka 1392, ndizo zilizotoa wakalimani na waandishi wa barua za mfalme. Watu wa daraja walikuwa na majina mawili, moja la kwendea China na moja la Kijapani, na kitabu kikiyahifadhi yote mawili. Ufalme mdogo ulikaa katikati ya dola mbili kubwa kwa karne nyingi kwa ustadi huo. Japani iliuchukua moja kwa moja mwaka 1879, na vita vya 1945 vikateketeza nyaraka nyingi. Zilizosalia ni pamoja na nakala zilizokuwa mikononi mwa familia, na watafiti wa leo wanazisoma kutafuta Waryukyu walijiona nani.

Kiwanga naye alikuwa katikati: Mkwawa upande mmoja, Mjerumani upande mwingine, Wapogoro na Wambunga jirani. Tofauti ni kwamba nakala yake ya pili haikuwa na ofisi ya kuihifadhi.

Je, wajua kwamba nasaba iliwahi kusaidia kuchagua fuvu? Baada ya Mkwawa kufa Wajerumani walikichukua kichwa chake. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ikirudishe. Hakikurudi. Miaka mingi baadaye Gavana Edward Twining alikwenda kwenye makumbusho ya Bremen, penye mafuvu yapatayo 2,000, na 84 kati yake yalikuwa yametoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Alitenga yale ambayo vipimo vyake vilikaribiana na vya jamaa wa Mkwawa waliokuwa hai, kisha akachagua moja lenye tundu la risasi. Fuvu hilo lilikabidhiwa Kalenga mwaka 1954, mbele ya Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa mtawala, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Kwa elimu ya leo kipimo cha kichwa si ushahidi wa kutosha. Lakini tazama dola mbili za Ulaya na mkataba wa kimataifa vikingoja neno la familia moja ya Iringa: huyu ni wetu.

Pwani nako? Habari za Kilwa, ambazo kwa sehemu zimo katika kazi ya Mreno João de Barros iliyochapwa mwaka 1552, zinaanza na mtu wa Shirazi anayefika kwa chombo na kukinunua kisiwa kwa nguo kutoka kwa mtawala mwenyeji. Hapo hapo, nasaba inaanza na mapatano ya biashara. Kwa muda mrefu wataalamu walibishana kama Washirazi hao ni kweli au ni hadithi ya kujipa heshima. Mwezi Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 80 waliozikwa hasa katika miji ya pwani kati ya takriban 1250 na 1800. Wengi wao walikuwa na asili ya Kiafrika, hasa kwa upande wa kike, na ya Kiajemi, hasa kwa upande wa kiume, na kuchanganyika huko kulianza karibu na mwaka 1000. Wazee wa Kilwa hawakutunga kutoka hewani. Walichokipunguza katika orodha ni mama zao.

Mama! Hapa nasimama kidogo, maana ndipo nasaba zetu nyingi zinapovuja. Ukimwuliza mzee wa ukoo akutajie mababu, atakupa wanaume kumi mfululizo bila kukohoa. Muulize kila mmoja alizaliwa na nani, na mama huyo alitoka kwa watu gani, na mara nyingi yeye atanyamaza na bibi aliyekaa pembeni ataanza kusema. Bibi ndiye anayejua kwamba babu wa tatu alimwoa binti wa Kindamba, na kwamba ndiyo sababu shamba lile la kando ya mto halikugombewa. Anajua ni mwaka gani Wahehe walikuja kuposa badala ya kuja na mikuki. Orodha ya wanaume hukuambia nani alitawala. Majina ya wake hukuambia alielewana na nani.

Je, wajua kwamba utani nao ni mkataba? R. E. Moreau aliandika kuhusu utani wa Tanganyika mwaka 1941, na alieleza jinsi makabila mengi yaliyopigana zamani yalivyoishia kuwa watani. Mtani anaweza kukutukana msibani, kukunyang'anya kofia, kuzuia jeneza mpaka apewe chochote, na hupaswi kukasirika. Wangoni wana watani kila walikopita na mikuki. Ukitaka ramani ya vita vya karne ya 19, nenda kwenye msiba wa Ifakara uone nani anamtania nani.

Je, wajua vitabu vya ubatizo navyo ni hazina? Wamisionari Wabenediktini walifungua misheni ya Kwiro, karibu na Mahenge, mwaka 1902, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza Wakapusini wa Uswisi wakashika kazi hiyo. Katika daftari la ubatizo kuna jina la mtoto, la baba na la mama. La mama, lililoandikwa kwa wino.

Je, wajua kwamba utawala wa machifu ulifutwa kwa sheria mwaka 1963? Mshahara ukaisha, baraza likaisha. Nasaba haikuisha. Ilirudi nyumbani, kwenye matambiko, misiba na vikao vya harusi, mahali ilipokuwa kabla ya kuwa hati ya serikali. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe, walikwenda vijijini kukusanya masimulizi ya Maji Maji kwa wazee waliokuwa bado hai. Mwaka 1969 Isaria Kimambo alichapisha historia ya Wapare aliyoijenga kwa masimulizi ya koo. Na mwaka 2005 James Giblin alitoa kitabu kuhusu Njombe kinachoonyesha jinsi familia ilivyokuwa kimbilio la watu wakati dola ilipowaweka kando; humo wanaosema ni wakulima na wafanyakazi wa kawaida, wala hawana kiti cha kudai.

Kazi kama hiyo kwa Ifakara inaweza kuanzia barazani kwako, na tarehe za kuinyooshea nasaba ziko karibu. Bibi asiyejua mwaka aliozaliwa anajua kama alikuwa binti au mama wa watoto Wachina walipoweka kambi za kujenga TAZARA, nayo ilijengwa kati ya 1970 na 1975. Anajua ni mtoto yupi alikuwa mgongoni watu walipohamishiwa vijijini, kati ya 1973 na 1976, na nani alizaliwa kwenye mvua za El Niño za 1997 na 1998. Nyuma ya hapo kuna kurudi kwa fuvu mwaka 1954, na nyuma yake Maji Maji. Andika jina la mama mbele ya kila mtoto, andika alitoka kwa watu gani, na andika nani alikusimulia. Toa nakala mbili, ya pili ikae kwa wajomba.